Mnunulie Mdogo Wako Saa

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Korogwe hatujambo wote. Mvua zimesuasua, mahindi ya bondeni yamejikunja majani, lakini mihogo haina neno na tunakula.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili kwa sababu bajaji zilizokuwa nyuma yako zilipiga kelele kukuzidi. Nimeelewa hivi: mdogo wako anamaliza chuo cha uuguzi, umemuuliza anataka zawadi gani, akakwambia saa. Wewe ukaona kama mzaha. "Mama, saa ya mkononi ina kazi gani siku hizi na kila mtu ana simu? Si kutupa hela? Bora niongeze kidogo nimnunulie simu kali." Ningekujibu kwa sauti kama ulivyoniuliza, ila jambo hili nimeishi nalo wodini na leba tangu sijaolewa na baba yenu, na wewe nakujua, sauti ikizidi dakika mbili unairusha mbele. Basi soma.

Mnunulie saa. Simu aliyonayo inamtosha.

Kwenye kujua ni saa ngapi nakubaliana na wewe kabisa. Simu inachukua saa yake kwenye mtandao, huhitaji kuirekebisha, na haichelewi. Saa ya mkononi, hata ile nzuri, inapotea sekunde kadhaa kila mwezi. Kama kazi yake ingekuwa hiyo tu, ningekuunga mkono na maneno yangekwisha hapa. Lakini nesi akiinamia saa yake, mara nyingi hana haja ya kujua ni saa ngapi. Anahesabu.

Chukua mtoto wa miezi tisa, bibi yake kamleta zahanati ana kikohozi na homa ya siku tatu. Pale zahanati hakuna picha ya kifua. Kitakachokwambia kama mtoto ana nimonia ni pumzi zake. Unamwomba bibi amtulize, unapandisha fulana mpaka tumbo lote lionekane, unainama. Akilia unasubiri, maana pumzi za kilio hazihesabiki. Akitulia unaanza, kila tumbo likipanda ni moja, na unakwenda dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu watoto hawapumui kwa mpangilio kama sisi. Atavuta tano za mbio mbio, atapumzika kidogo, ataanza tena. Mwenye miezi miwili mpaka asiyetimiza mwaka, pumzi 50 na kuendelea kwa dakika ni kupumua haraka. Mwenye mwaka mmoja mpaka asiyetimiza mitano, ni 40 na kuendelea. Aliye chini ya miezi miwili mpaka ifike 60, na ikifika unarudia kuhesabu. Kwa huyu wa miezi tisa, ukipata 47 anaweza kurudi nyumbani na ushauri wa kumnyonyesha na kumwangalia. Ukipata 53 anaondoka na dawa ya antibayotiki.

Sasa niambie, wakati huo macho yako yako wapi? Yako kwenye tumbo la mtoto. Saa unaishika karibu kabisa na tumbo hilo, ili jicho lione kwa pamoja ngozi inayopanda na mshale wa sekunde unaozunguka. Ukigeuza kichwa kutafuta saa ya ukutani umeshakosa pumzi mbili.

Utaniambia simu ina kipima muda, unabonyeza, dakika ikiisha inalia. Ni kweli, na wanafunzi wengi niliowasimamia miaka ya mwisho walifanya hivyo. Hata UNICEF iliwahi kugawa vifaa vidogo vya kulia dakika ikiisha kwa ajili ya kazi hii hii ya kuhesabu pumzi, kwa hiyo wazo si baya. Tatizo la simu liko pengine. La kwanza ni uchafu. Simu imetoka kwenye daladala, imekaa mezani ulipokula chipsi, imeshikwa na kila mtu, halafu unaiweka kwenye kitanda cha mtoto mgonjwa, na kutoka hapo inakwenda shavuni kwako. La pili, uliyemwekea simu mbele ni bibi mwenye wasiwasi, na anachokiona yeye ni nesi anachezea simu wakati mjukuu wake anahema. Huwezi kumweleza kila mmoja kwamba unahesabu. Maneno ya "manesi wa siku hizi wako WhatsApp tu" umeyasikia, na mengine yana haki yake, sitatetea. Lakini nimewaona mabinti wazuri wanasemwa hivyo mlangoni na walikuwa wanafanya kazi yao sawasawa. Ukiwa na saa hakuna anayekuuliza. Nesi anayetazama saa, watu wote wodini wanajua yuko kazini.

La tatu ni mikono. Hili nitakaa nalo kidogo kwa sababu wewe kazi yako ni ya kompyuta na mikono yako yote miwili ni ya kwako.

Leba, mjamzito akiwa kwenye uchungu, unasikiliza moyo wa mtoto kila nusu saa kwa fetaskopu, ile tarumbeta fupi. Mdomo wake mpana unaukandamiza tumboni kwa mama, wa pili unauegemezea sikio, halafu mikono unaiachia. Inashikiliwa na kichwa chako. Ukiigusa kwa vidole unasikia mikwaruzo ya vidole vyako. Mkono mmoja unakwenda kwenye kifundo cha mkono wa mama kutafuta mshipa wake, usije ukahesabu moyo wa mama ukadhani ni wa mtoto. Mkono wa pili ndio wenye saa. Kichwa kimelala upande, shavu karibu linagusa tumbo, na macho hayawezi kwenda popote isipokuwa kwenye huo mkono. Moyo wa mtoto unakimbia, kati ya mapigo 110 na 160 kwa dakika ndiyo sawa, na ukipoteza hesabu unaanza upya huku mama anakwambia mwingine unakuja. Simu hapo ningeishika na nini?

Uchungu nao unahesabiwa kwa mkono. Unaweka kiganja juu ya tumbo, unasubiri likakamae, unatazama mshale umeanzia wapi, unasubiri lilegee, unatazama umeishia wapi. Kwenye patografu, ile karatasi ya kufuatilia maendeleo ya uchungu, tunajaza visanduku: uliokaa chini ya sekunde 20 unatiwa nukta, wa sekunde 20 hadi 40 unachorwa mistari ya mshazari, uliopita 40 unajazwa weusi. Na unahesabu umekuja mara ngapi ndani ya dakika kumi. Mtu anayekuja kukupokea zamu anasoma vile visanduku tu, anajua mama amefika wapi, hata kama wewe umeshaondoka.

Halafu mtoto anatoka. Hapo kuna dakika moja ambayo wakufunzi wanaiita dakika ya dhahabu: ndani yake mtoto awe amelia na kupumua mwenyewe, au wewe uwe umeshaanza kumpulizia hewa kwa puto na barakoa. Asiyepumua umempangusa, umemsugua mgongo, umemsafisha njia ya hewa kama inahitajika, na yote hayo dakika haijaisha. Ikifika dakika ya kwanza unampa alama, na ya tano tena, zile alama alizozichapisha daktari wa Marekani, Virginia Apgar, mwaka 1953: rangi, mapigo, anavyoshtuka, misuli, pumzi. Glavu zimelowa mpaka kwenye kiganja. Kioo cha simu chenye maji hakisikii kidole, na hata kikisikia, nani ataigusa simu hiyo baada ya hapo?

Nimekuchosha na leba, najua, ulikuwa huwezi hata kumtazama mbuzi anazaa. Nimalizie na dripu. Daktari ameandika lita moja ya maji kwa muda wa saa nane. Mrija wa kawaida wa watu wazima ni matone 20 kwa mililita moja. Piga hesabu: matone 20,000 ndani ya dakika 480, ni kama matone 42 kwa dakika. Unasimama mbele ya kichupa, kidole gumba kwenye gurudumu la kufungia, unapandisha saa iwe usawa wa kichupa, unafungua na kufunga taratibu mpaka robo ya mzunguko ipite na matone kumi au kumi na moja. Ona nilivyosema robo ya mzunguko. Ndiyo maana nataka saa ya mishale. Kwenye saa ya tarakimu inabidi ukumbuke ulianza kwenye 37, uongeze 15, upate 52, huku unahesabu matone kichwani. Saa ya mishale hesabu hiyo inakufanyia jicho.

Kuhusu historia, maana najua unapenda kuniuliza "mambo haya yalianza lini": kuna daktari Mwingereza, John Floyer wa mji wa Lichfield, ambaye mwaka 1707 alieleza juu ya saa aliyotengenezewa ya kukimbia dakika moja tu kisha isimame, kwa ajili ya kuhesabu mapigo ya mgonjwa. Siku hizo saa za watu hazikuwa na mshale wa sekunde wa kutegemea. Na ya mkononi yenyewe ilikaa miaka mingi ikionekana pambo la wanawake. Mwanamume alibeba saa ya mfukoni yenye mnyororo. Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyekuwa akirusha vyombo vyake vya angani Paris, alimlalamikia rafiki yake Louis Cartier kwamba hawezi kuchomoa saa mfukoni na usukani anaushika, na mwaka 1904 akatengenezewa ya kufunga mkononi. Vita ya Kwanza ya Dunia ikamaliza ubishi, maana ofisa aliyepaswa kutoka handakini dakika ile ile mizinga inapohamia mbele hakuwa na mkono wa kupekulia mifuko. Kwa hiyo tangu mwanzo iliwafaa watu ambao mikono yao imeshikwa na kazi. Simu yako wewe imeirudisha dunia kwenye saa ya mfukoni, bila mnyororo.

Bei sasa. Hapa usije ukadanganyika dukani. Saa ya kwanza ya mkononi ya kwatsi kuuzwa ni Seiko Astron, ilitoka Japani tarehe 25 Desemba 1969 kwa yeni 450,000, karibu bei ya gari dogo kwa wakati ule. Ndani yake kuna kipande cha jiwe kinachotetemeka kwa umeme wa betri. Leo kijiwe cha namna hiyo, kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, kiko kwenye saa ya elfu kumi na tano mnadani. Maana yake saa ya bei ndogo yenye betri inatunza muda kuliko ile ya mamilioni inayokwenda kwa springi na magurudumu. Anayenunua ya mamilioni ananunua ufundi, au ananunua kuonekana, na hela ni zake. Ukiona ya kifahari inauzwa barabarani kwa elfu thelathini, usisimame hata kuuliza. Rolex pekee ninayoiamini mimi ni ya Kampala, ile ya chapati na mayai.

Baba yenu anakusalimia, na ameniambia nikukumbushe kwamba Seiko 5 yake si ya kurithi kabla hajafa. Ile haina betri kabisa. Ndani kuna kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka mkono ukitembea, na kinakaza springi. Akiiacha kabatini siku mbili inasimama. Mwaka jana ilianza kuchelewa nikaenda naye kwa fundi wa saa wa sokoni. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unamwogopa kwa ile lenzi anayoibana jichoni. Aliifungua mgongo kwa ufunguo wake wa meno matatu, akapuliza kwa kipira, akatuonyesha kigurudumu kinavyokwenda na kurudi, akasema mafuta yamekauka, hakuna kilichovunjika. Akaiosha na kuitia mafuta, ikaamka. Meza yake sasa nusu ni makava ya simu na chaja. Anasema wanaokuja na saa wengi wanataka betri au kupunguziwa mkanda tu.

Saa ya baba yenu naipenda lakini isingefaa wodini. Mkanda wake wa chuma una vitundu vinavyoshika uchafu, na ukivuta kitufe cha kusetia mshale wa sekunde hausimami, kwa hiyo kuioanisha na saa ya ukutani ya leba ni kubahatisha. Kwa mwalimu wa hisabati kama yeye, sawa.

Na zile za kisasa, saa janja? Nilijua utaziuliza. Zinapima mapigo ya moyo, wanasema. Ndiyo, ya aliyeivaa. Mgonjwa hajaivaa. Nesi akiwa na saa janja atajua moyo wake mwenyewe unakwenda mbio, jambo ambalo kwenye zamu ya usiku analijua bila kupimwa. Nyingi zinataka chaji kila siku mbili tatu, na kila ujumbe unaoingia unatetemesha mkono ulioshika sindano. Kwa mtu anayekimbia mazoezi asubuhi sina ubaya nazo.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mjini mnalisahau, la saa zetu. Mama anafika leba anasema uchungu umeanza saa nane usiku. Kwenye jalada unatakiwa kuandika 02:00. Kila kundi la wanafunzi nilikuta mmoja ameandika 08:00, na hapo hapo mama anaonekana hajaumwa bado, au ameumwa siku nzima, kutegemea anayesoma anasoma lini. Kwenye saa ya mishale kuna njia rahisi ambayo niliwafundisha wote: tazama mshale mfupi, kisha vuka mpaka upande wa pili wa uso wa saa. Mshale uko kwenye 8, ng'ambo yake ni 2. Uko kwenye 10, ng'ambo yake ni 4. Saa ya Kiswahili na ya kizungu zinatazamana siku zote, huhitaji kutoa sita. Wazee wa pwani wengine, kama babu yako wa Pangani, walizitegesha kabisa kwa Kiswahili, jua likizama mishale yote miwili inakaa juu. Ukimwazima saa yake ukaenda nayo stendi ungekosa basi.

Na simu, pamoja na uhodari wake, nayo inakosea kwa namna yake. Muulize shangazi yako wa Tunduma. Pale mtaa ukivuka tu uko Nakonde, Zambia, na wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu ikidaka mnara wa ng'ambo usiku, inajirudisha saa nzima bila kukuuliza. Ameshawahi kukaa anakunywa chai akijua basi la Mbeya bado, kumbe limeshaondoka. Ni hivyo hivyo ukienda mipaka ya Rwanda na Burundi. Kuna namna ya kuizuia kwenye mipangilio, wewe unaijua, yeye haijui. Kwa nesi aliyepangiwa kituo cha mpakani, anayeandika muda wa kuzaliwa mtoto na muda wa sindano, hilo si jambo dogo. Na mdogo wako hajui atapangiwa wapi.

Sasa kuhusu wewe mwenyewe, maana nadhani swali lilikuwa lako pia. Wewe huna lazima. Unakaa mbele ya kompyuta, saa iko kwenye pembe ya kioo, simu iko mezani, hakuna mtu anayepumua mbele yako ukimhesabu. Usinunue kwa sababu wenzako ofisini wamevaa. Ila nilikutazama ulipokuja Pasaka. Nilikuuliza ni saa ngapi, ukatoa simu, ukasoma ujumbe, ukajibu, ukacheka, ukafungua kitu kingine, ukairudisha mfukoni. Nikakuuliza tena, ukaitoa tena. Baba yako aliinua mkono akasema "saba na robo" kabla hujafungua kioo. Kama ungependa kuacha tabia hiyo, saa ya bei ndogo inaweza kukusaidia. Wala usidhani kuvaa saa kunakupa adabu. Kuitazama mbele ya mgeni ni kumfukuza, na kwenye kikao cha posa ni tusi. Lakini kuitazama ni kupepesa jicho, huna haja ya kuondoka kikaoni kwa dakika tano.

Haya, cha kununua. Usimnunulie ya mkononi. Najua umeuliza juu ya saa ya mkononi na mimi nimekuwa nikikusimulia habari za mkononi, lakini utaratibu umebadilika tangu nianze kazi. Mikono inaoshwa mpaka kupita kifundo cha mkono, na chini ya mkanda wa saa ndipo uchafu unapojificha. Uingereza tangu mwaka 2007 wahudumu wa hospitali wanaogusa wagonjwa wametakiwa kuwa wazi kuanzia kiwiko kwenda chini, bila saa wala bangili, na wakufunzi wetu huku wanafundisha hivyo hivyo. Mtafutie saa ya nesi, ile inayobanwa kifuani kwa pini au klipu na kuning'inia kichwa chini, ili aliyeivaa akiinamisha macho aione imesimama sawa. Akitaka kuhesabu pumzi za mtoto anaichomoa na kuishika. Chukua yenye ganda la silikoni linalovulika, lipanguswe kwa spiriti na kuoshwa. Ya chuma yenye maua na mikufu inapendeza kwenye picha ya mahafali na basi.

Ukiwa dukani fanya haya. Irudishe mbali kama urefu wa mkono wako na uone kama namba zote kumi na mbili zinasomeka, siyo nukta. Mshale wa sekunde uwe mrefu, ufike kwenye vistari vya pembeni, na uwe na rangi tofauti na ile mingine, mwekundu ndio mzuri. Tazama kama unatua juu ya kistari au katikati ya vistari viwili. Ukitua katikati mwachie mwenye duka. Vuta kitufe, mshale wa sekunde usimame. Utegeshe na simu yako, uachie, ukae hapo dakika moja nzima uone kama zinakwenda pamoja. Mwenye duka atakuona wa ajabu, mwache. Funika kwa kiganja uangalie kama mishale inawaka gizani, maana umeme ukikatika leba jenereta haliwaki papo hapo. Muulize inachukua betri gani na umnunulie ya akiba. Bajeti yako isizidi elfu hamsini, na ukipata nzuri kwa elfu ishirini na tano usione aibu, mdogo wako ataipoteza angalau moja kwenye mashine ya kufulia sare kabla hajazoea kuichomoa.

Hela itakayobaki kwenye zile ulizotenga kwa simu mnunulie viatu vya kazi, vyeusi, vilivyofunika vidole, soli ya mpira isiyoteleza. Anavaa namba 39, lakini chukua 40, miguu inavimba kwenye zamu ya usiku. Viwahi kabla ya mahafali ili aanze kuvitembelea nyumbani. Na mpigie simu umuulize anapenda ganda la saa la rangi gani, usimchagulie wewe, maana nakumbuka lile begi la kijani.

Baba yako anasema umtumie na yeye betri ya redio.

Mama yako